Microsoft, Google na mteja asiye na pa kukimbilia

Leo tuanze na chapati, kompyuta zitafuata.

Una kibanda cha chapati, na unga unanunua kwa jumla kutoka kwa mzee mmoja pale kwenye kona. Siku moja unaamka na kukuta mzee huyo naye amefungua kibanda cha chapati, tena kando yako. Utafanyaje? Wengi mtasema: nahama, nanunua unga kwingine. Jibu zuri. Sasa ondoa unga, weka Windows, halafu mniambie kama jibu hilo bado lina maana.

Tarehe 18 Juni 2012, mjini Los Angeles, Steve Ballmer alipanda jukwaani na kuonyesha Surface, tabuleti iliyotengenezwa na Microsoft wenyewe. Tangu siku za MS-DOS mwaka 1981, maelewano yalikuwa wazi. Microsoft wanaandika mfumo endeshi, na akina Acer, HP, Dell na Lenovo wanaunda mashine na kulipa leseni. Ndiyo, Microsoft walikuwa na Xbox na vipanya vyao, lakini kompyuta waliwaachia wateja wao. Siku hiyo walivuka mstari, na walijua wanavuka. Katika ripoti yao ya mwaka kwa wawekezaji, iliyotoka Julai 2012, walikiri kwamba Surface itashindana na bidhaa za washirika wao, na kwamba huenda jambo hilo likawapunguzia washirika hao moyo wa kuiunga mkono Windows.

Agosti mwaka huo huo JT Wang, aliyekuwa akiongoza Acer, aliliambia gazeti la Financial Times kwamba Microsoft wafikirie mara mbili, kwa sababu hatua hiyo itawaumiza wengi. Maneno makali kwa mteja kumwambia muuzaji wake. Kilichofuata? Hakuna. Surface ilianza kuuzwa tarehe 26 Oktoba 2012 pamoja na Windows 8, na Acer wakaendelea kutoa laptopu zenye Windows 8.

Watu wengi husema kosa la Microsoft ni kushindana na wateja wao. Mimi sioni kosa katika kushindana. Kinachonisumbua ni hesabu. Acer akiuza laptopu anabaki na faida nyembamba kama karatasi, na ndani ya bei hiyo kuna leseni ya Windows. Microsoft akiuza Surface, leseni anajilipa mwenyewe, kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Pia anaweza kupata hasara ambayo ingemzika mwingine. Julai 2013 Microsoft walifuta dola milioni 900 kwenye vitabu vyao kwa sababu ya Surface RT, ile ya bei nafuu, iliyokuwa imelala ghalani hadi ikapunguzwa bei kutoka dola 499 hadi 349. Milioni mia tisa! Mwaka uliofuata wakatoa Surface Pro 3 kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wale mliokuwa na vicheza muziki vya MP3 mnakumbuka nembo ya PlaysForSure? Mwaka 2004 Microsoft waliwaambia Creative, iRiver na wengine: tumieni teknolojia yetu ya kulinda nyimbo, pamoja tutapambana na iPod. Novemba 2006 wakatoa kicheza muziki chao wenyewe, Zune, ambacho hakikuweza kucheza nyimbo zilizonunuliwa katika maduka ya PlaysForSure. Yaani mwenye mfumo aliukana mfumo wake huku wenzake wakiwa bado wameushika. Zune yenyewe haikufika mbali, ilikomeshwa 2011. Lakini ujumbe ulikuwa umefika.

Kwa nini basi hawakuhama? Walijaribu, na hapa ndipo hadithi inaponoga.

HP waliinunua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 ili wapate mfumo wao, webOS. Tabuleti yao, TouchPad, iliingia sokoni tarehe 1 Julai 2011. Tarehe 18 Agosti wakatangaza kuiacha. Wiki saba tu! Kuwa na mfumo endeshi si tatizo, webOS ilikuwa nzuri kweli. Tatizo ni kumpata mtu kama mimi wa kuuandikia programu, na mimi sina muda wa kuandika programu kwa ajili ya mfumo usio na watumiaji.

Acer nao walibisha hodi kwa Alibaba wa Uchina, waliokuwa na mfumo wa simu unaoitwa Aliyun. Uzinduzi wa simu yao ya Aliyun ulipangwa Septemba 2012, mwezi mmoja tu baada ya Wang kulalamika kuhusu Microsoft. Ukafutwa saa chache kabla ya kuanza. Alibaba walisema Google wametishia kuwaondolea Acer ushirikiano wa Android. Google walijibu kwamba Aliyun ni Android iliyochakachuliwa, na kwamba Acer, kama mwanachama wa umoja wa Android, aliahidi kutotoa vitu vya namna hiyo. Yeyote utakayemwamini, simu haikutoka.

Kwa hiyo ndani ya wiki chache kampuni moja iligundua mambo mawili. Muuza unga wa kwanza anafungua kibanda kando yako. Muuza unga wa pili anakukataza kununua kwa wa tatu.

(Njia nyingine ya kumkimbia Microsoft ilikuwa Chromebook, ambazo Acer na Samsung walianza kuziuza mwaka 2011. Februari 2013 Google wakatoa Chromebook Pixel yao wenyewe. Mnaweza kucheka.)

Tuwe wakweli lakini. Laptopu nyingi za Windows za miaka ile zilikuwa takataka: plastiki inayolia ukiishika na programu ishirini za majaribio ambazo hukuziomba. Surface iliwaamsha. Baada ya Surface Pro 3, watengenezaji karibu wote walitoa tabuleti yenye kibodi ya kubandua, na mnunuzi akafaidika. Tena mwaka 2015 Dell na HP walikubali kuwauzia wateja wao wa kibiashara Surface Pro, yaani chapati za mzee zikauzwa kwenye vibanda vya majirani zake. Kwa hiyo sitaki kuwalilia sana. Mshindani anayekulazimisha kuboresha bidhaa ni afadhali. Anayekufungia mlango wa kutokea ndiye wa kuogopwa, na huyo hahitaji hata kutengeneza kifaa chochote.

Hapa nyumbani jambo hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Oktoba 2023 kiwanda cha kuunganisha simu kilizinduliwa Athi River, ubia wa Safaricom, Jamii Telecommunications na wenzao, na simu ya Neon Smarta ikaingia sokoni kwa Sh7,499. Ni Android. Simu za Pixel za Google hazishindani na simu ya bei hiyo, kwa hivyo mtu anaweza kusema hatuna la kuhofia. Nadhani huko ni kutazama pasipo. Kuanzia Android 13, ya mwaka 2022, Google walitaka simu mpya za Android Go zenye huduma zao ziwe na RAM ya GB 2 au zaidi. Kama mwandishi wa programu naipenda kanuni hiyo, maana simu za GB 1 zilikuwa zinanitesa. Lakini RAM ni pesa, na gharama ya chini kabisa ya simu ya Athi River ilikuwa imeshapangwa California kabla kiwanda hakijafungua milango.

Huawei ndio walioonja upande mchungu zaidi. Mei 2019 serikali ya Marekani iliwaweka kwenye orodha yake ya vikwazo, na simu ya Mate 30 ya Septemba mwaka huo ikatoka bila Play Store. Google hawakutaka kumpoteza mteja mkubwa hivyo, ila sheria ni sheria. Huawei walikuwa na wahandisi na fedha za kuandika HarmonyOS, na bado iliwachukua hadi Juni 2021 kuifikisha kwenye simu. Athi River wangechukua miaka mingapi?

Wengine wameshaamka. Julai 2018 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 4.34, na mojawapo ya makosa yaliyotajwa ni lile lile lililowapata Acer: ukiuza hata modeli moja yenye Android isiyoidhinishwa, unanyimwa Play Store kwa modeli zako zote. Oktoba mwaka huo Google walilegeza sharti hilo, lakini kwa Ulaya. Korea Kusini nao waliitoza Google faini Septemba 2021 kwa jambo hilo hilo. Sisi tunayo Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, na sasa tuna kiwanda chenye sababu ya kuuliza. Barua ya kurasa mbili ingetosha kuanzia: je, Neon moja ikitoka na mfumo mwingine, zile nyingine zitabaki na Play Store?