Kwenye rali, kuwahi nako ni kosa

Ligi ikisimama mashabiki tunakosa kazi, na shabiki asiye na kazi lazima abuni jambo. Tawini kwetu safari hii wamekuja na rali. Magari saba, madereva ni wanachama wenyewe, Dar hadi Mbeya, wa kwanza kufika anabeba kombe. Ukiwa na IST twende, ukiwa na Noah twende.

Wazo lenyewe nalipenda sana. Hicho kipengele cha "wa kwanza kufika" ndicho kitakachotuzika.

Jamaa mmoja kaandika kwenye grupu: tunatoka Dar saa 11 alfajiri, saa 4 asubuhi tunakunywa chai Iringa. Watu wakamshangilia kama kafunga dakika ya 90. Haya, tupige hesabu pamoja. Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500. Yeye kajipa saa tano. Huo ni wastani wa kilomita 100 kwa saa, na nasema wastani. Humo ndani kuna foleni ya kutoka mjini, vibao vya 50 kila penye makazi, wanyama wa Mikumi na malori yanayoupanda mlima Kitonga kama yanahesabu hatua. Ili wastani huo upatikane, kuna mahali itabidi utembee 140. Na IST!

Msimu uliopita nilikuwa kwenye gari la mashabiki tukirudi kutoka mechi ya ugenini. Dereva alikuwa mmoja, hana wa kumpokea, na mchana kutwa alikuwa jukwaani anapiga kelele na sisi. Usiku, tukiwa tumeshaipita Mikumi, akasinzia. Tulishtukia tuko kwenye majani. Hakuna aliyeumia, ila mlango wa upande wangu ulikataa kufunguka, nikatokea dirishani. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "tutafika tu", namuuliza dereva wa pili ni nani.

Wanaoijua rali hawafanyi hivi. Kwenye mashindano ya dunia, mbio zenyewe zinafanyika kwenye vipande vya barabara vilivyofungwa. Kutoka kipande kimoja hadi kingine, dereva yuko barabarani na sisi wengine, anafuata sheria, na anatakiwa aripoti kituoni kwa dakika aliyopangiwa. Akichelewa dakika moja anaongezewa sekunde 10. Akiwahi dakika moja anaongezewa dakika nzima. Yaani kuwahi kunamuumiza mara sita kuliko kuchelewa. Sheria hii ingekuwepo kwa madereva wetu wa Coaster, tungezeeka wengi.

Na msiseme rali ni ya matajiri. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, walioingia walikuwa wakazi wa huku huku na magari ya kawaida ya kununua dukani. Joginder Singh, fundi magari wa Kenya, alishinda mwaka 1965 na Volvo iliyokwisha kutumika. Na kufika tu ilikuwa kazi: mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Saba! Tena wale walikuwa wamejipanga.

Kwa hiyo yetu tuipange kwa saa. Weka wastani wa kilomita 55. Dar hadi Iringa inakuwa saa tisa na kidogo, ongeza mbili za kula na kupoza injini. Ukitoka saa 11 alfajiri unaingia Iringa saa 10 jioni, jua bado lipo. Unalala. Kesho yake Mbeya. Vituo viwe Morogoro, Mikumi na Ilula, kila kimoja na mwanachama mwenye saa na daftari, anayekata pointi kwa aliyechelewa na kumkata zaidi aliyewahi. Hapo msoma ramani anakuwa mchezaji kweli, maana yeye ndiye anayemwambia dereva apunguze.

Kila gari liwe na madereva wawili. Asiye na wa pili abaki benchi, hata kama gari ni lake. Magari yakaguliwe na fundi wiki moja kabla, siyo asubuhi ile tunapiga picha, maana breki haziponi kwa selfi. Polisi waambiwe mapema kwamba tunapita, na bima ya kila gari isomwe, siyo kutazamwa stika tu. Hela za jezi mpya za msafara ziende kwenye matairi. Najua hapa nitatukanwa.

Nyuma ya wote liwepo gari la mwisho, la fundi na spea, ambalo haliruhusiwi kumpita yeyote aliyesimama. Kiti kimoja humo nimeshakiomba. Yote haya nimeyaandika kwenye grupu juzi usiku. Jamaa wa chai ya saa 4 kasoma, alama za bluu nimeziona, ila mpaka naandika hapa bado hajajibu.