FUNZO LA RUNGWE KWA CHUMVI YETU

Mtu wa visiwani afikapo Tukuyu hustaajabia neema ya nchi ile: mvua haikatiki, migomba imeziba njia, chai imetanda vilimani. Lakini mvua hiyo hiyo imeuosha udongo madini joto. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mwanawe hudhurika hata kabla hajazaliwa na kupewa jina. Marovu yaliyoonekana shingoni mwa watu wazima yalikuwa dalili tu. Hasara kubwa ilikuwa vichwani mwa watoto.

Kuanzia mwaka 1986 hadi katikati ya miaka ya 1990, Serikali iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, Rungwe ikiwamo. Mwaka 2009 wachumi Erica Field, Omar Robles na Maximo Torero walitangaza kuwa watoto waliokingwa wakiwa tumboni walisoma wastani wa theluthi ya mwaka zaidi, na wasichana ndio waliofaidika kuliko wavulana. Si haba kwa kidonge.

Haki yatulazimu kuongeza kwamba mwaka 2020 watafiti wengine waliirudia hesabu hiyo na kuuona ushahidi wake si madhubuti. Sisi hatushangai. Vidonge vilichelewa mara kwa mara, na ilibidi wataalamu wamkisie aliyekingwa kwa wilaya yake na mwaka aliozaliwa. Ubishi huo ni wa kipimo cha faida. Kwamba ukosefu wa madini joto hudhuru ubongo, hilo halina mjadala.

Huku kwetu tumezoea kudhani kuwa mla samaki hayamhusu haya. Uchunguzi uliofanywa Zanzibar mwanzoni mwa karne hii uliikanusha dhana hiyo. Pemba, iliyozungukwa na bahari pande zote, ilikutwa na upungufu kuliko Unguja, na chumvi nyingi ya nyumbani haikuwa imetiwa madini joto. Chumvi hiyo huvunwa na wazalishaji wadogo, ambao amri pekee haiwatoshi wasipopatiwa dawa, vifaa na mkaguzi anayefika shambani.

Tunawakumbusha ndugu zetu wa mipango na fedha kwamba fungu la kazi hii halipimwi kwa hesabu za mwisho wa mwaka. Mtoto wa mama anayepika kwa chumvi hiyo leo ataketi kwenye mtihani wa kumaliza shule ya msingi baada ya zaidi ya miaka kumi. Daftari la kliniki linaloonyesha mamaye alipewa nini lihifadhiwe mpaka siku hiyo.