Mombasa si Bichi Tu, Wasee

Nimerudi Fort Ternan na kila mtu ana swali moja: "Ulienda bichi?" Nilienda. Maji ni maji. Lakini wasee, tuko siriasi kweli? Chai inayochumwa huku Kericho inauzwa mnadani Mombasa kila wiki, pamoja na ya Uganda na Rwanda. Mamangu amechuma majani miaka yote na hajawahi kuuona huo mji.

Nilipotea Mji wa Kale, nikapita Fort Jesus ya 1593, halafu nikiwa kwa feri ya Likoni nikaona makontena kule Kilindini. Pengine jasho lake lilikuwa humo.

Karo yako ilitoka huko. Ukienda, usiulize bei ya madafu pekee. Uliza ya chai.