WAGENI WA ERINGETI, TUJIFUNZE KIMBUBA



Neno langu leo ni moja. Wengi wetu katika masomo haya tu wageni hapa Eringeti. Wazazi wetu walitoka Butembo, Lubero, Musienene, Kyondo, wakafuata udongo. Kule milimani mashamba yamekuwa madogo: baba akigawia watoto watano, kila mmoja anapata pa kupanda maharagwe tu. Hapa wakapata pori, wakapanda kakao, ndizi, mihogo na mpunga. Hata minerval yetu inatoka katika kakao hiyo. Basi tumekula matunda ya nchi hii, lakini luga yake tumeiacha mlangoni. Mimi nasema haifai. Mtu akikaa pahali miaka kumi na hawezi kusalimia mzee katika luga ya pale, huyo bado yuko njiani, hajafika.

Luga yenyewe ni Kimbuba. Eringeti iko katika groupement ya Bambuba-Kisiki, secteur ya Beni-Mbau, kwenye barabara ya taifa namba 4, karibu kilometa 60 toka Beni mjini, pale Kivu ya Kaskazini inapokutana na Ituri. Kimbuba si ndugu ya Kinande. Kinande, Kikonjo cha Uganda, Kibira na hata Kiswahili ni luga za Kibantu. Mtu wa moja akisikiliza nyingine anashika neno hapa na pale. Kimbuba ni cha jamaa nyingine kabisa, pamoja na Kilese cha Ituri, na Waefe wa pori wanasema luga ya karibu sana na hiyo. Kwa hiyo Munande hawezi kuiokota sokoni kwa kusikia tu. Lazima aikalie chini na daftari, kama anavyokalia algebra.

Nimekwisha kusema jambo hili katika dortoir, na majibu nayajua. Acha niyajibu moja moja.

La kwanza: "Kapita, hiyo luga itatusaidia nini ku Kinshasa? Egzetati ni kwa Kifaransa." Kweli, Egzetati ni kwa Kifaransa, na sisi wafinalisti tunakiogopa kuliko wote. Lakini si kila mmoja wetu atafika Kinshasa. Wengi watakuwa waalimu, wauguzi, wachungaji na wakulima katika njia hii hii ya Oicha na Komanda. Mwuguzi hamtibu mgonjwa kwa Kifaransa. Nilikuwa katika dispensari moja wakati mama mzee mmoja alipofika na maumivu. Kiswahili chake kilikuwa cha kununua chumvi, si cha kueleza ndani ya mwili mnauma namna gani. Mwuguzi aliuliza mara tatu, kisha akaandika dawa ya tumbo. Mtoto aliyekuja kuteka maji akasikia, akacheka kidogo, akasema: "Haumwi tumbo, anasema ni kifua." Mtoto wa miaka minane alijua kitu mwenye dipiloma hakujua.

La pili: "Tuko na Kiswahili, kinatutosha wote." Mimi nakipenda Kiswahili, na ni hicho ninachoandika hapa. Kililetwa huku na wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na leo ndicho tunachouzia, tunachohubiria na tunachoimbia. Lakini Kiswahili kwetu ni luga ya njia panda. Kila mtu anafika pale akitoka nyumbani kwake, na nyumba ikibomoka, njia panda haiwezi kumlaza. Tena angalieni jambo moja. Bambuba kumi wamekaa wanazungumza. Anafika mgeni mmoja asiyejua luga yao. Wote kumi wanageuza, wanasema Kiswahili, kwa sababu ya heshima. Mgeni anaona ni vizuri, hajui kwamba yeye peke yake amenyamazisha luga ya watu kumi. Fanya hivyo kila siku, kwenye butike, kwenye kisima, kwenye mkutano wa kanisa, miaka makumi. Luga itakufa, na hakuna mtu aliyeitakia mabaya.

La tatu ndilo linaloniumiza: "Wao wajifunze Kinande, sisi ndio wengi." Wandugu, neno hilo tuliogope. Tangu Oktoba 2014 watu wanauawa katika territoire ya Beni. Tarehe 29 Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, hata hospitali. Vijiji viliachwa, watu wakakimbilia Oicha, Beni na Komanda. Sisemi luga ndiyo ilileta vita, hapana. Lakini katika siku za hofu, watu wawili wakisema pole pole luga usiyoijua, unafikiri wanakusema wewe. Wao nao wakikusikia na Kinande chako, wanafikiri vilevile. Mashaka yanapanda pale pale maneno yanapokosekana. Na kuko hasara nyingine ambayo hakuna anayeihesabu: watoto wa Bambuba waliokulia katika ukimbizi. Wamerudi na Kiswahili na Kinande tu. Tuko nao hapa madarasani. Bibi anasema Kimbuba, mjukuu anajibu Kiswahili, na hadithi za bibi zinabaki kwake. Kama mwenyeji mwenyewe anapotewa hivi, sisi wengi tunamsukuma wapi?

Sasa nifike kwenye jambo la nyumbani mwetu, nalo nalisema kwa heshima. Katika masomo haya, mwanafunzi akisema luga ya kwao anapewa symbole, kile kipande cha mbao, na anakibeba mpaka asikie mwingine amesema, ampe. Jioni wa mwisho anapata azabu. Sisi makapita ndio tunaoandika majina. Mimi nitafuata sheria hiyo mpaka Bwana Prefe aibadilishe, maana kapita si mtu wa kuvunja sheria. Lakini sheria haikatazi kuomba.

Tusidhani ni sisi tu. Katika Uingereza, upande wa magharibi, kuko nchi ndogo ya Wales, ile Wafaransa wanaita Pays de Galles. Katika karne ya 19, watoto wa kule waliosema Kiwelisi shuleni walitundikwa mbao shingoni, ikipita toka mtoto kwa mtoto, na wa mwisho alipigwa. Symbole yetu kabisa! Mbao ile haikufundisha Kiingereza kuliko ilivyofundisha upelelezi. Luga haikufa, na sababu moja kubwa sisi Waprotestanti tunapaswa kuijua: Biblia nzima ilikwisha kutolewa katika Kiwelisi mwaka 1588, kazi ya William Morgan, na watu waliendelea kusoma na kuomba kwa luga yao. Leo Waingereza wengi wanahamia vijiji vya kule, na wenyeji wana shida ileile ya mgeni mmoja na watu kumi. Wamefanya nini? Mwaka 1978 watu walinunua kijiji cha machimbo ya mawe kilichokuwa kimeachwa, Nant Gwrtheyrn, wakakifanya masomo ya luga, na wageni wanakwenda kukaa pale kujifunza. Katika hesabu ya 2021 wasemaji walikuwa karibu 538,000 tu, lakini serikali yao inataka wafike milioni moja mwaka 2050. Hawaoni haya kuanza na wachache.

Sisi nasi tuko na sheria. Katiba ya 2006 inasema luga za Kongo ni urizi wa taifa na Serikali inapaswa kuzilinda. Sheria ya elimu ya 2014 inakubali luga za taifa na luga za pahali katika mafundisho. Na kupita sheria, tuko na Pentekoste. Roho Mtakatifu hakungoja watu wa Misri na wa Roma wajifunze luga ya Petro. Kila mmoja alisikia kwa luga ya kwao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, Kifaransa kibaki ndani ya darasa, lakini symbole iondoke katika uwanja na dortoir. Pili, kila Jumatano baada ya masomo, tumwombe mzee mmoja wa Bambuba atufundishe saa moja, sisi tumlimie shamba kama malipo. Tatu, wanafunzi wa Bambuba waandike daftari la maneno: miti, samaki, magonjwa, mito, salamu, na wimbo mmoja wa kuimba katika ibada ya Jumapili. Hakuna moja linalodai feza.

Wanande wenzangu, fikirini. Mtu wa mbali akitusalimia "wavukire", hata akikosea sauti, mama anacheka kwa furaha na kumtafutia kiti. Kimwili hajafanya kitu. Ametamka neno moja tu. Je, sisi tumewapa wazee wa Eringeti furaha hiyo mara ngapi?

Anayepinga aandike, bulletin hii ni yetu sote. Anayekubali alete daftari Jumatano.

Mungu awabariki.

Kapita mkuu wa wanafunzi