Kuvuka mpaka hakufuti deni la serikali

Katika masoko yetu ya mpakani, kuanzia Busia hadi Namanga, Sirari na Mutukula, kuna kauli inayorudiwa kila msimu wa mikopo: "Hizo ni pesa za serikali, hakuna atakayekufuata." Anayeisema mara nyingi ameshakopa, ameshavuka upande wa pili na ameshabadilisha laini ya simu. Nasema wazi kwamba kauli hiyo inatugharimu, na anayelipa gharama ni mfanyabiashara mdogo mwenyewe.

Tuangalie kwanza mikopo yenyewe. Kenya ilianzisha Mfuko wa Hustler Novemba 2022. Mkopo binafsi unaanzia shilingi 500, kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Tanzania, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Uganda, tangu 2022, mpango wa maendeleo wa parokia hukopesha kaya shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Hakuna mkopeshaji wa mtaani atakayekupa masharti hayo. Ukiuchoma mkopo wa aina hii, unabaki na yule anayeshika kitambulisho chako na kudai riba kila wiki.

Wengine hudhani kwamba serikali ikidhamini mkopo wa benki, basi mkopaji akishindwa serikali itamlipia na mambo yataisha. Sivyo. Dhamana ile ni kinga ya benki. Katika mpango wa dhamana ambao Kenya iliuanzisha mwaka 2020, serikali hubeba sehemu tu ya hasara ya benki, na mkopaji hubaki na deni lake. Mali uliyoweka rehani bado inaweza kuuzwa.

Na kwa asiyelipa, hatua huanza mapema. Mkopo binafsi wa Hustler unatakiwa urudi ndani ya siku 14. Ukipita muda, riba hupanda hadi asilimia 9.5 na huwezi kukopa tena kabla ya kulipa. Kwa mikopo ya benki, jina lako hupelekwa kwenye taasisi za taarifa za mikopo, na kila benki utakayoingia baadaye italiona. Deni dogo la leo linaweza kukunyima mtaji mkubwa siku ukipata oda ya lori zima.

Kwenye vikundi, maumivu huwa makubwa zaidi. Tuchukulie wanawake watano wanaouza mitumba na vitenge. Mmoja anachukua sehemu yake, anavuka na hapokei simu tena. Wanne waliobaki ndio waliotia saini. Watatoa kwenye mtaji wao, watauza mzigo kwa hasara, na mwaka unaofuata kikundi hakikopesheki. Waliofanya hivyo huwa hawajaidhulumu serikali. Wamemdhulumu jirani wa meza ya pili.

Hasara huenea hata nje ya kikundi. Aprili 2023 Tanzania ilisimamisha mikopo ya asilimia 10 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa. Mikopo haikurudi hadi mwaka 2024. Katika kipindi hicho, kikundi kilicholipa hadi senti ya mwisho kilifungiwa mlango pamoja na kile kilichotoroka.

Hata hivyo, si kila asiyelipa ni mtoro. Mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022. Aliyekuwa na mkopo na wateja wake wako ng'ambo angelipa kwa kitu gani? Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160 za Kenya, kisha baada ya miezi michache ikawa karibu 130. Mkenya aliyekopa kwa shilingi yake na kuuza Arusha alijikuta mauzo yale yale yakimpa shilingi chache zaidi, huku deni likiwa palepale.

Kwa hiyo serikali zetu nazo zina wajibu. Siku 14 hazimtoshi mtu anayenunua mahindi upande mmoja, anayasafirisha, anasubiri forodhani na kuuza upande wa pili. Mikopo ya wafanyabiashara wa mpakani ifuate mzunguko wa bidhaa, na mpaka ukifungwa kwa amri ya serikali, marejesho yasimame mpaka ufunguliwe. Pia Jumuiya ya Afrika Mashariki ihakikishe kwamba taarifa za mikopo zinavuka mipaka kama bidhaa zinavyovuka. Mtoro atapungukiwa na pa kujificha, na mama aliyelipa vizuri Busia ya Kenya ataweza kuaminiwa Busia ya Uganda.

Wakati tukisubiri hayo, tufanye yaliyo mikononi mwetu. Mtaji wa mkopo usilipe ada ya shule wala michango ya harusi. Usimdhamini mtu ambaye huijui nyumba yake. Ukiona mambo yanaharibika, nenda kwa aliyekukopesha kabla ya tarehe ya marejesho, ukiwa na daftari lako la mauzo, uombe ratiba mpya. Usikope kwenye simu kulipa deni jingine.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Sisi wa mpakani tuongeze kwamba mzigo ukiibiwa unaweza kununua mwingine, lakini jina likiharibika upande mmoja, kuvuka daraja hakulisafishi.