Toleo Jipya la Kitabu: Ununue, au Ubaki na la Zamani?

Haya, kuna swali ambalo sisi watu wa programu hatuliepuki. Una kitabu chako, umekisoma mpaka jalada limelegea, halafu unasikia toleo jipya limetoka. Utoe pesa tena? Msimamo wangu ni huu: usinunue toleo, nunua sura. Hesabu sura zilizobadilika ambazo zinagusa kazi yako. Zikiwa hazipo, tulia.

Nitoe mfano. Fluent Python, cha Luciano Ramalho wa Brazili, kilitoka mwaka 2015 kikifuata Python 3.4. Toleo la pili likaja 2022, likifuata Python 3.10. Miaka saba katikati si michache, lakini haikugusa kila ukurasa.

Sura ya kwanza inaeleza jinsi kitu unachokiunda mwenyewe kinavyoweza kutenda kama orodha ya kawaida ya Python. Mfano wake ni pakiti ya karata 52. Mfano huo umo katika matoleo yote mawili, na ule wa 2015 bado unafanya kazi kwenye tarakilishi yako leo. Kwa sura kama hiyo, kununua upya ni kulipia karatasi.

Sasa fungua sehemu ya asyncio, yaani kuendesha shughuli nyingi bila moja kuizuia nyingine. Hapo hali ni tofauti kabisa. Python 3.5 ya mwaka 2015 ilileta maneno async na await, na Python 3.11 ya mwaka 2022 ikaondoa kabisa alama ya asyncio.coroutine iliyotumika katika kitabu cha kwanza. Ukinakili mfano ule leo, haukwambii kwamba umepitwa na wakati. Unakataa tu. Kama kazi yako ni kuandika programu za seva zinazosubiri majibu kutoka kwingine, nunua jipya. Vivyo hivyo kama ofisini kwenu mnataja aina za data katika msimbo, maana toleo la pili limeongeza sura za jambo hilo.

Si vitabu vyote vinavyozeeka hivi. Kitabu cha C cha Kernighan na Ritchie kilitoka 1978, toleo la pili likaja 1988, na la tatu halijawahi kutoka. Watu bado wanajifunza kwacho. Kinyume chake ni vitabu vya "bonyeza hapa, kisha pale". Microsoft ilipobadilisha menyu za Word na Excel katika Office 2007, mwongozo wa Office 2003 uliharibika karibu wote kwa siku moja. Kitabu cha mawazo huzeeka sura kwa sura. Kitabu cha vibonye hufa kizima.

Jambo hili lina uzito kwetu. Kijana anayeanza kazi hii akiagiza kitabu kutoka ng'ambo, analipia kitabu na usafiri pia. Hizo ni pesa ambazo zingemlipia intaneti. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, fanya hivi. Tazama kitabu chako kinafuata Python ya ngapi. Kisha nenda tovuti ya Python, ambako kila toleo la lugha lina ukurasa wa mabadiliko, bure. Weka alama kwenye yale unayoyatumia kila wiki. Na ukiwa kwenye vitabu vya inama, vile vinavyotandazwa kando ya barabara Nairobi, fungua ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa kabla ya kuulizia bei. Kitabu cha 2015 kwa bei nzuri si hasara, mradi ujue sura ipi ya kuruka.

Wapo watakaosema intaneti ina kila kitu, vitabu vya nini? Mimi sikubali. Ukurasa wa mabadiliko unakwambia kilichobadilika. Mwandishi mzuri anakwambia kwa nini, na lini usikitumie. Hilo ndilo ninalolipia kwa moyo mweupe. Jalada jipya peke yake, hapana.