Sheria ya ugaidi inatugusaje sisi wa mpakani Kyela?

Wanyakyusa na Wangonde wana ndugu pande zote mbili za mto Songwe. Mtu anavuka Kasumulu kwenda msibani Malawi, mvuvi anarudi Matema usiku wa manane. Askari wa zamu hawezi kumjua mwema na mbaya kwa kumtazama usoni. Sheria ndiyo inamwambia afanye nini, na aishie wapi.

Hofu ina sababu

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, likaua watu 11. Siku hiyohiyo Nairobi walikufa zaidi ya 200. Mwaka 2002 Bunge likapitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi. Tangu 2017 wapiganaji wameshambulia vijiji vya Cabo Delgado, Msumbiji, na Oktoba 2020 walivuka Ruvuma wakaua watu Kitaya, Mtwara.

Tatizo liko wapi?

Kosa la ugaidi halina dhamana. Ukishtakiwa, unakaa mahabusu hadi kesi iishe, hata kama ushahidi ni dhaifu. Masheikh wa Uamsho wa Zanzibar walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, mashtaka yakafutwa Juni 2021. Freeman Mbowe wa Chadema alikamatwa Mwanza Julai 2021, kesi ikafutwa Machi 4, 2022. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa mashtaka hayo, lakini muda waliokaa ndani haurudi.

Upande wa serikali una hoja: mshukiwa wa ugaidi akitoka anaweza kuvuka mpaka au kuvuruga ushahidi. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kunyima dhamana namna hiyo kunavunja Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Lakini polisi hupata habari kwa wananchi. Mgeni akilala kijijini, wa kwanza kujua ni jirani. Jirani huyo akiona aliyetajwa juzi hajulikani alipo, kesho atanyamaza. Hapo usalama wenyewe unapungua.

Ukikamatwa

- Una haki ya kuambiwa sababu.
- Omba ndugu au wakili wako ajulishwe.
- Simu yako ikichukuliwa, dai stakabadhi.
- Kwa kawaida, aliyekamatwa bila hati anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, au mapema iwezekanavyo baada ya hapo.
- Huna pesa ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Uliza ofisi ya halmashauri.

Ukiona jambo la kutia shaka

Mwambie mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji au polisi. Eleza ulichokiona: nani, wapi, saa ngapi, amebeba nini. Kanzu, lafudhi au ugomvi wa shamba si dalili ya ugaidi. Neno lako moja linaweza kuokoa kijiji, na linaweza pia kumfunga jirani asiye na kosa kwa miaka.